Utangulizi wa Elektroniki kwa Anayeanza: Kuchagua Mradi wa Kwanza

Pengine umenunua boksi la vifaa vya elektroniki vya kuanzia, pengine umepewa zawadi, au bado unalitazama dukani ukijiuliza kama mambo haya si ya vijana tu. Si ya vijana tu. Utangulizi huu haudai kwamba umesoma fizikia, wala kwamba umewahi kushika chuma cha kulehemu, kile kifaa cha moto ambacho mafundi redio hutumia kuunganishia nyaya kwa risasi. Katika mradi wa kwanza hatutakihitaji kabisa. Utahitaji meza, kompyuta inayofanya kazi, na jioni mbili tatu zisizo na haraka.

Ukifunua boksi la kawaida utakuta bodi ya kompyuta ndogo, ubao wenye matundu mengi, nyaya za rangi, taa ndogo za LED, vipande vyenye michirizi ya rangi, swichi za kubonyeza, kidude cha kutoa mlio, mota ndogo, na vihisio kadhaa, yaani vifaa vinavyopima hali kama vile joto au mwanga. Chini yake kuna kijitabu cha miradi. Kile cha boksi rasmi la Arduino, bodi tutakayoitumia hapa, kina miradi 15. Hapo ndipo wengi hukwama, na si kwa kukosa akili, bali kwa wingi wa vya kuchagua. Mgeni huvutwa na gari linalojiendesha, au mlango unaofunguka kwa kadi, kwa sababu picha zake zinapendeza kuliko zote.

Rai yangu ni moja, na yote yatakayofuata yanaitetea: mradi mzuri wa kwanza ni ule ambao ukigoma, utaweza kujua umegomea wapi. Nao utagoma. Sakiti, yaani njia kamili ya umeme inayoanzia kwenye chanzo, ikapita kwenye vifaa na kurudi kwenye chanzo, haimwonei haya profesa wala mwanagenzi. Waya mmoja ukilegea, kazi imesimama. Gari lile linalojiendesha lina mota zaidi ya moja, betri zake, kihisio cha umbali, kipande cha kuendeshea mota, na programu ndefu. Lisipotembea, kosa linaweza kuwa popote, na anayeanza hana pa kushika. Lakini taa moja, betri moja, kipande kimoja cha kupunguza mkondo na nyaya mbili zina mahali pachache mno pa kujificha kosa, na pote unaweza kupakagua kabla chai haijapoa.

Misingi mitatu

Kabla ya kuchagua, tufahamiane na maneno matatu ambayo huwezi kuyakwepa. Volteji ni msukumo unaousogeza umeme, nayo hupimwa kwa volti. Mkondo ni kiasi cha umeme kinachopita kila sekunde, nao hupimwa kwa ampea; vifaa vyetu ni vidogo, kwa hiyo tutahesabu kwa miliampea, yaani sehemu moja ya elfu ya ampea. Ukinzani ni ule uzito ambao kifaa huuwekea mkondo usipite kwa wepesi, nao hupimwa kwa omu. Mwaka 1827 mwanafizikia Mjerumani, Georg Simon Ohm, alichapisha kitabu kilichoyafunga matatu haya pamoja: mkondo ni volteji ukiigawanya kwa ukinzani. Ukiwa na kanuni hiyo peke yake, utaelewa karibu kila kitu kilichomo ndani ya boksi lako.

Tuitumie papo hapo. Taa nyekundu ya LED inapowaka huchukua takriban volti 2. Bodi yako hutoa volti 5. Zinabaki volti 3, na hizo lazima zibebwe na kitu kingine, la sivyo mkondo utapanda hadi taa iungue. Kitu hicho ni rezista, kile kipande kidogo chenye michirizi, ambacho kazi yake ni kuweka ukinzani wa kiasi kinachojulikana. Chukua rezista ya omu 220. Gawanya 3 kwa 220, utapata ampea 0.0136, yaani karibu miliampea 14. Pini za bodi ya Arduino Uno ya toleo la R3, maana yake zile sehemu zake za kuchomekea nyaya, hushauriwa zisitoe zaidi ya miliampea 20 kila moja. Basi tuko salama, na tumejua hivyo kwa kuhesabu kabla ya kuunguza chochote.

Najua utakapochanganyikiwa: utazijuaje rezista, wakati zote zinafanana? Michirizi ni tarakimu. Nyekundu ni 2, kahawia ni 1, nyeusi ni 0, rangi ya chungwa ni 3. Mchirizi wa tatu, katika rezista zenye michirizi minne, hueleza idadi ya sifuri. Hivyo nyekundu, nyekundu, kahawia ni 22 na sifuri moja, yaani 220. Kahawia, nyeusi, chungwa ni 10 na sifuri tatu, yaani omu 10,000, ambazo huitwa pia kilo-omu 10. Wa mwisho, mara nyingi wa dhahabu, hueleza kiasi ambacho thamani inaweza kupishana. Boksi lako likiwa na rezista za michirizi mitano, tarakimu ni tatu kwanza, kisha idadi ya sifuri. Macho yakigoma kutofautisha kahawia na nyekundu chini ya taa ya usiku, tumia maltimita, kile kipimo cha mafundi cha volti, mkondo na omu. Hata fundi mzoefu hufanya hivyo.

Taa ya LED nayo ina adabu yake: hupitisha mkondo upande mmoja tu. Mguu mrefu huelekea kwenye chanya, mguu mfupi kwenye hasi. Ukiigeuza kwenye volti 5 kwa kawaida haiharibiki, ila haiwaki. Basi taa ikigoma, igeuze kwanza kabla hujatafuta mchawi.

Darasa lililoko dirishani

Sasa tuje mahali tunapoishi. Nachukua mfano wa Spånga, magharibi mwa Stockholm, jirani na Tensta na Rinkeby zenye familia nyingi zilizotoka Somalia na kwingineko Afrika Mashariki, na si mbali na Kista, yaliko makao makuu ya kampuni ya simu ya Ericsson. Mtu akiishi hapa anaweza kudhani kwamba elektroniki iko Kista, kwenye majengo ya vioo. Kumbe somo la kwanza limo madirishani mwa majirani.

Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio, madirisha ya Uswidi hujaa vinara vya umeme vyenye taa saba zilizopangwa kama paa la nyumba. Kinara hicho kilibuniwa mwaka 1934 na Oscar Andersson, mfanyakazi wa Philips mjini Göteborg, aliyetumia taa za mti wa Krismasi zilizokuwa zimetupwa. Kile cha kawaida cha balbu huchomekwa kwenye umeme wa nyumba wa volti 230, lakini ukisoma balbu zake utaona zimeandikwa volti 34. Mbona haziungui? Kwa sababu zimepangwa katika sakiti mfuatano: mkondo mmoja hupita balbu ya kwanza, ya pili, hadi ya saba. Vifaa vilivyo katika mfuatano hugawana volteji, na 230 ukigawa kwa 7 ni karibu 33. Na kwa kuwa njia ni moja, balbu moja ikilegezwa zote huzimika.

Shika mambo hayo mawili, kugawana volteji na njia kukatika, maana tutayarudia mezani. Lakini kinara chenyewe usikifungue. Umeme wa ukutani unaua, na nchini Uswidi kazi za nyaya za nyumba hufanywa na kampuni za umeme zilizosajiliwa. Mradi wako wa kwanza ukae kwenye volti 5 zinazotoka kwenye waya wa USB wa kompyuta. Volti hizo hazikurushi, na ni zilezile Spånga, Tanga au Kisumu. Ukisafiri na boksi lako, kitakachobadilika ni plagi ya chaja tu.

Swali kabla ya vifaa

Watu wengi huchagua mradi kwa kutazama vifaa: nina mota, nifanye nini nayo? Nakushauri uanze na swali la nyumbani mwako. Spånga ina swali zuri sana. Karibu na tarehe 21 Desemba jua huchomoza Stockholm yapata saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Mtoto hurudi kutoka shule kukiwa giza. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza yapata saa tisa na nusu alfajiri na kuzama baada ya saa nne usiku. Basi tuseme unataka taa ndogo ya ukumbini inayowaka giza linapoingia. Ukiifunga kwa saa, iwake kila siku saa kumi na mbili jioni, Desemba itakuwa imechelewa kwa zaidi ya saa tatu, na Juni itawaka jua likiwa bado juu. Mahali hapa, taa inapaswa kupima mwanga wenyewe.

Tazama jinsi mahali panavyoamua mradi. Mombasa, ambako saa ya magharibi hupishana kwa yapata nusu saa tu mwaka mzima, swichi ya saa ingetosha, na hii ingekuwa kazi ya kujipamba tu. Huko swali lingekuwa jingine: maji ya tangi yamefika wapi? Umeme wa mtaa umekatika, nani awashe taa ya ngazi? Aliyeko Nairobi atapata vifaa vyake Luthuli Avenue, aliyeko Dar es Salaam ataulizia Kariakoo, lakini swali lazima alitoe nyumbani.

Ukishapata swali, lipitishe kwenye mizani tatu. Kwanza, je, unaweza kulisema kwa sentensi moja yenye "ikiwa" moja? "Ikiwa ni giza, washa taa." Ndiyo. Sentensi hiyo ina sehemu tatu ambazo utazikuta katika kila mradi utakaowahi kujenga: ingizo, yaani kinachopimwa; uamuzi; na tokeo, yaani kinachotendeka. Pili, je, ingizo na tokeo vinaweza kujaribiwa kila kimoja peke yake? Ndiyo: taa unaweza kuiwasha bila kihisio, na kihisio unaweza kukisoma bila taa. Tatu, je, kuna mtu nyumbani atakayekitumia wiki ijayo? Hili la tatu hupuuzwa, nalo ndilo linaloamua kama boksi litarudi kabatini. Mradi unaotumiwa hukudai uurekebishe, na kurekebisha ndiko kunakofundisha.

Kujenga nusu kwa nusu

Bodi iliyo katika maboksi mengi ni Arduino Uno au nakala yake. Arduino ilianza mwaka 2005 katika chuo cha usanifu mjini Ivrea, Italia. Mmoja wa waanzilishi wake, David Cuartielles, amekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Malmö, hapahapa Uswidi. Wanafunzi waliokusudiwa walikuwa wasanii na wabunifu, watu ambao hawakuwa wahandisi, kwa hiyo usione aibu kuanza bila msingi. Chombo hiki kilitengenezewa watu kama wewe. Ndani ya bodi mna mikrokontrola, yaani kompyuta nzima ndani ya kipande kimoja, inayotekeleza programu moja tu na kuirudia bila kuchoka tangu unapochomeka umeme hadi unapochomoa.

Ule ubao wenye matundu huitwa bredibodi. Ukiutazama utakumbuka bao la kete, lakini matundu yake yameungana kwa siri: katikati, matundu matano yaliyo katika mstari mmoja ni kama waya mmoja, na mfereji wa katikati hutenganisha pande mbili. Makosa mengi ya mwanzo huzaliwa hapa. Miguu miwili ya taa ikiingia katika mstari uleule wa matundu matano, umeme hupita chini ya ubao na kuikwepa taa. Kila mguu uwe na mstari wake.

Anza na tokeo. Bodi ya Uno ina taa yake ndogo iliyounganishwa na pini ya 13. Iamuru iwake na kuzimika kila sekunde. Ikitii, umethibitisha kwamba kompyuta, waya wa USB, bodi na programu vyote ni vizima, kabla hujaunganisha hata waya mmoja. Kisha ongeza LED yako na rezista ya omu 220 kwenye pini nyingine, urudie. Ikigoma sasa, kosa limo katika vile vichache ulivyoongeza.

Halafu hamia kwenye ingizo. Kihisio cha mwanga cha kawaida ni rezista ya mwanga, ambayo ukinzani wake hupungua inapoangaziwa. Ya aina ya zamani hutengenezwa kwa kadimiamu, madini yaliyowekewa mipaka na sheria za Umoja wa Ulaya, ndiyo maana boksi lililonunuliwa Stockholm linaweza kuwa na fototransista badala yake. Hiyo hufanya kazi inayofanana, ila ina mguu wa chanya na wa hasi, kama LED.

Hapa kuna fumbo dogo: bodi haiwezi kupima ukinzani, hupima volteji. Tutafanyaje? Tunafanya kama kinara cha Majilio. Weka rezista ya mwanga na rezista ya kilo-omu 10 katika mfuatano kati ya volti 5 na hasi, ile ya kilo-omu 10 ikiwa upande wa hasi, zigawane volteji, kisha usome volteji ya pale zinapokutana. Mpangilio huu huitwa kigawa volteji. Tuseme chumbani kukiwa na mwanga mkali kihisio chako kina kilo-omu 1, na gizani kina 100. Kwenye mwanga, rezista ya 10 hubeba sehemu 10 kati ya 11 za volti 5, yaani karibu volti 4.5. Gizani hubeba sehemu 10 kati ya 110, yaani karibu volti 0.45. Bodi huzigawanya volti 5 katika ngazi 1,024 na kukuletea namba kati ya 0 na 1,023. Mwangani utasoma karibu 930, gizani karibu 93. Kihisio chako hakitatoa namba hizihizi, na hilo lisikutie wasiwasi. Kifunike kwa kiganja, kisha kiachie, uzitazame namba zikishuka na kupanda kwenye kompyuta. Ziandike zako.

Taa inapoanza kutetemeka

Nusu mbili zikishakubali, ziunganishe kwa uamuzi: namba ikiwa chini ya 300, washa, ikiwa juu, zima. Hiyo 300 huitwa kizingiti. Utajaribu, utafurahi, kisha jioni moja, giza linapoingia taratibu, taa itaanza kuwaka na kuzimika haraka kama inayotetemeka. Nyaya ziko sawa. Programu iko sawa. Kuna nini?

Mradi umejiona wenyewe. Namba ilishuka hadi 299, taa ikawaka, mwanga wa taa ukakifikia kihisio, namba ikapanda hadi 310, taa ikazimika, giza likarudi, ikawaka tena. Dawa ni mbili, nazo huenda pamoja. Ya kwanza ni kukitenga kihisio na taa, hata kwa kipande cha karatasi nene. Ya pili ni kuweka vizingiti viwili: washa namba ikishuka chini ya 300, lakini usizime mpaka ipande juu ya 400. Kati ya 300 na 400 taa hubaki ilivyokuwa. Mwachano huo, ambao wataalamu huuita histeresisi, umo pia ndani ya pasi ya nguo na friji yako, vifaa visivyowaka na kuzimika kila joto linapopanda au kushuka kidogo.

Ona tulipofika. Tulianza na taa moja, na sasa tunazungumzia mfumo ambao tokeo lake hurudi kuathiri ingizo lake, somo ambalo vyuo vya uhandisi hulitengea muhula mzima. Umelifikia ukumbini kwako, kwa sababu mradi ulikuwa mdogo kiasi cha kukuwezesha kuona kosa lilikotoka. Katika gari linalojiendesha kosa lilelile lingekuwemo, ila ungelaumu betri.

Hatua inayofuata

Baada ya hapo ongeza kitu kimoja kwa wakati: swichi ya kuizima taa kwa mkono, kisha potenshiomita, yaani rezista unayoizungusha kubadili ukinzani, ili mwenye nyumba achague kizingiti bila kugusa programu. Kila nyongeza ijaribiwe peke yake kabla haijaingia kwenye mradi. Ukiwa Stockholm, usijifungie nyumbani: Stockholm Makerspace ni chama cha watu wanaoshirikiana karakana na zana. Na tangu mwaka 2018 uandishi wa programu umo katika mitaala ya hisabati na teknolojia ya shule za Uswidi, kwa hiyo mtoto wa shule aliyemo nyumbani anaweza kukushinda katika kuandika maagizo, nawe ukamshinda katika kusaka waya uliolegea. Mkae meza moja.

Kabla hujafungua boksi, chukua karatasi uandike sentensi yako ya "ikiwa". Isome kwa sauti mbele ya mtu atakayeutumia mradi huo. Kama ina mambo mawili, kata moja uliweke kwa mwezi ujao. Kama hajaelewa, iandike upya. Akishaelewa na kukuuliza itakuwa tayari lini, umepata mradi wako.